Nafasi Tupu Ndani ya Kichujio: Nilivyojenga Upya Tangi Langu la Chini

Kwa muda mrefu niliamini kwamba nguvu ya kichujio cha bakteria inatokana na wingi wa vipande vya plastiki vinavyoweza kushindiliwa ndani ya tangi la chini, yaani tangi linalowekwa chini ya lile la samaki ili kusafisha maji yake, kwa kuwa kila kipande ni makao ya bakteria, na makao yakiongezeka maji ya samaki nayo yatatakata. Kichujio changu cha kwanza nilikijenga kwa imani hiyo. Chumba chake kilichukua lita 24 za maji, nami nikamimina humo lita 20 za vipande, nikawasha pampu ya hewa, nikasubiri vianze kucheza. Vilitikisika kidogo pale juu mapovu yalipotokea, lakini vingine vyote vilikaa vimebanana kama nafaka ndani ya gunia. Baada ya wiki tano vipimo vilionyesha kwamba nitraiti, ambayo ni sumu kwa samaki, bado imo majini, na nilipotumbukiza mkono hadi chini nilitoa vipande vilivyozibwa na tope jeusi lenye harufu ya yai viza.

Ndipo nilipoanza kujifunza upya mfumo huu wa vipande vinavyozungushwa na hewa ndani ya maji, ambao uliundwa Norway mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kusafisha majitaka, kisha ukaingia katika ufugaji wa samaki na hatimaye katika matangi ya nyumbani. Kipande maarufu zaidi, kinachoitwa K1, ni kigurudumu chenye upana wa takriban milimita 10, chenye msalaba ndani na mbavu ndogo nje, na uzito wake unapungua kidogo tu kuliko wa maji ya ujazo uleule, hivyo kinaelea kwa shida na kuzama kwa shida. Umbo hilo lina maana kubwa. Vipande vinapogongana, sehemu ya nje husuguliwa na kubaki safi, ilhali ndani ya kigurudumu, mahali ambapo msuguano haufiki, bakteria hujenga utando wao kwa utulivu. Utando ukizidi unene, sehemu iliyozeeka hubanduka na kuchukuliwa na maji. Lita moja ya K1 ina karibu nusu mita ya mraba ya eneo lililokingwa namna hiyo, lakini eneo hilo lina faida pale tu maji yenye oksijeni yanapolifikia.

Oksijeni ndiyo niliyokuwa nimeinyima. Kundi la kwanza la bakteria hugeuza amonia inayotolewa na samaki kuwa nitraiti, kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, na kazi yote hiyo hula zaidi ya gramu 4 za oksijeni kwa kila gramu ya nitrojeni ya amonia. Vipande vilivyosimama havina njia ya kuipata. Kwa sababu hiyo inashauriwa vipande visizidi theluthi mbili za ujazo wa chumba. Mimi nimechagua nusu, yaani lita 12, na ninaamini kwamba zile lita 8 nilizoziondoa zimekinufaisha kichujio kuliko kitu kingine chochote nilichokiongeza.

Katika ujenzi wa pili nililigawa tangi la chini katika vyumba vitatu kwa vioo vilivyobandikwa kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Maji yanayoshuka kutoka kwa samaki huingia kwanza kwenye chumba cha sponji, kwa kuwa kinyesi na mabaki ya chakula yakifika kwenye vipande hulisha bakteria wa aina nyingine, wanaokua upesi na kuwasonga wale wa amonia ambao ukuaji wao ni wa polepole. Chumba cha kati ndicho cha vipande, na cha mwisho kina pampu ya kurudisha maji juu.

Kati ya chumba cha pili na cha tatu niliweka wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 6. Tafadhali usiufanye mdogo. Wavu wangu wa zamani ulikuwa na ukubwa wa kiganja. Vipande vikausukuma na kuuziba, maji yakapanda hadi karibu kumwagika sakafuni. Sasa wavu unachukua upana wote wa kioo, na mkondo wa maji umetawanyika kiasi kwamba hakuna kipande kinachogandamana nao.

Hewa nayo niliihamisha. Badala ya jiwe moja la hewa katikati, nimelaza bomba lenye matundu chini ya ukuta mmoja, ili maji yapande upande huo, yavuke juu, yashuke upande wa pili na kurudi, na kona ya chini iliyo mkabala nimeiziba kwa kipande cha kioo kilichoinama ili vipande visipate pa kujificha. Ili kuhakikisha, nilichanganya vipande kumi vyeusi kati ya vyeupe nikakaa nikivitazama: vyote kumi vilionekana juu ndani ya dakika chache, na nilifurahi mno.

Vipande vipya huelea kwa siku nyingi kwa sababu plastiki yake bado haijashika utando wa bakteria, hivyo usiongeze hewa kwa pupa. Nilikamulia humo sponji kuukuu ya tangi lililokomaa ili kuingiza bakteria, na rangi ya kahawia ilianza kuonekana ndani ya vigurudumu katika wiki ya tatu. Amonia na nitraiti zilifika sifuri mwishoni mwa wiki ya sita. Nitreti huendelea kujikusanya, kwa hiyo kubadilisha maji kuko palepale, tena kunarudisha ule uwezo wa maji wa kuzuia pH (kipimo cha uchachu wa maji) isishuke, ambao bakteria hawa huumaliza kidogo kidogo.

Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka, na kwa hiyo nimeacha sentimita kadhaa tupu katika tangi la chini. Pampu ya hewa nimeiweka juu zaidi ya usawa wa maji ili yasirudi ndani yake. Nina pampu nyingine ndogo ya betri, na umeme ukikatika ninaiunganisha kwenye chumba cha vipande mara moja.