Meza ya kunyanyulia pikipiki, hatimaye imepata pa kukaa

Jamani gereji yangu hapa Mbezi ni ndogo, kuna gari, friza la mama watoto, matairi ya zamani, baiskeli za watoto, halafu nikaleta meza ya kunyanyulia pikipiki, urefu mita 2 na kitu, uzito zaidi ya kilo 100! Mwanzo niliisimamisha ukutani nikaikaza na mkanda, kesho yake nakuta oili ya haidroli (ile inayosukuma meza ipande) imemwagika sakafuni na pampu imeingia hewa, haipandi kabisa mpaka nilipofungua valvu nikakanyaga pedeli mara kibao ndo hewa ikatoka. Sasa naishusha mpaka chini, inabaki kama sentimita 20 tu, pikipiki inapaki juu yake hapohapo, yaani haili tena nafasi ya ziada. Nimefurahi mno.