Galileo angewauliza wavuvi wa Mji wa Kale

Wamarekani wana maswali ambayo huwauliza raia wao kila baada ya miaka kadhaa, kupima mtu wa kawaida anajua sayansi kiasi gani. Dunia hulizunguka jua, au jua ndilo huizunguka dunia? Antibayotiki huua virusi na bakteria pia, kweli au si kweli? Katikati ya dunia kuna joto kali? Mwaka 2012 waliolijibu sawa lile la jua walikuwa asilimia 74. La antibayotiki liliwaangusha karibu nusu. Majibu yalipotangazwa watu walicheka, na mpaka leo kuna wanaoyarusha kwenye magrupu ya WhatsApp: eti robo ya Wamarekani hawajui hata wanazunguka nini.

Mimi nauza dawa Mwembe Tayari, Mombasa. Nimesomea, cheti kimetundikwa ukutani juu ya friji ya insulini, na tangu asubuhi mpaka adhana ya isha niko nyuma ya kaunta. Mteja anayesubiri nimhesabie vidonge hana la kufanya ila kutazama simu. Basi nikaanza kuwauliza wa kwetu yaleyale ya Wamarekani.

La jua halikuwasumbua vijana. Dereva wa tuktuk alinijibu kabla sijamaliza. "Dunia ndiyo yazunguka, daktari. Hilo la praimari." (Huku kila aliye nyuma ya kaunta huitwa daktari, nimechoka kukataa.) Umejuaje? "Mwalimu alisema." Akachukua dawa yake ya kikohozi akaenda zake. Aliyekuwa nyuma yake ni mzee wa kanzu na kofia ambaye hununua kwangu dawa ya presha. Akaniambia, "Mwanangu, mimi naliona jua latoka upande wa Nyali, latua upande wa Changamwe. Kila siku ya Mungu. Wewe umeona nini?"

Kwa mtihani wa Wamarekani, kijana kapita na mzee kaanguka. Kwangu mimi mzee ndiye aliyeuliza la maana. Kuonyesha kwa macho kwamba dunia inatembea si kazi nyepesi. Kama kweli inalizunguka jua, basi nyota zilizo karibu zinapaswa kuonekana zikisogea kidogo mbele ya zile za mbali, ukizitazama Januari kisha ukazitazama tena Julai. Watu walikutafuta kusogea huko wasikuone, na wapinzani wakapata la kusema. Kumbe nyota ziko mbali mno. Mjerumani Bessel ndiye aliyefanikiwa, mwaka 1838, kwa nyota hafifu iitwayo 61 Cygni. Copernicus alikuwa amechapisha hoja yake ya dunia kulizunguka jua mwaka 1543, kwa hiyo ushahidi huo ulichukua karibu miaka 300 kufika. Nilimweleza mzee hayo yote huku nikimfungia vidonge vyake. Akasikiliza mpaka mwisho. "Hapo sasa umesema kitu." Yule kijana sidhani angekaa kunisikiliza, maana yeye tayari anajua.

Nilivyoendelea kuuliza nikaanza kuona mpangilio, na haukufuata vyeti. Mtu hulijua barabara lile ambalo akikosea linamrudi siku hiyohiyo. Lisilomrudi hubaki nalo vilevile lilivyomwingia kichwani, hata awe na digrii mbili.

Chukua maji ya bahari. Ami yangu ni mvuvi, dau lake huliegesha Mji wa Kale, na shule aliiacha mapema. Mwulize Ijumaa ijayo maji yatajaa saa ngapi, naye atakuuliza kwanza mwezi utakuwa wa ngapi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai vya kujaa wala hayapwi vya kupwa. Na kila siku ikipita yanachelewa kama dakika hamsini. Akikosea hapo, dau linakwama kwenye mchanga na samaki wanachacha juani. Hata sisi tusiovua, bamvua twaijua kwa lazima. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika zaidi ya mita 3, na maji yakipwa sana pale Likoni magari ya chini hukwaruza tumbo yakiingia feri.

Sasa mlinganishe ami na Galileo, yule mwanasayansi wa Italia. Huyu ndiye ambaye vitabu vya shule humtaja kwa heshima kwa kuitetea dunia inayozunguka, na kwenye hilo hakukosea. Lakini kwenye kujaa na kupwa kwa maji alipotea kabisa. Mwaka 1632 alishikilia kwamba bahari huyumba kwa sababu dunia yenyewe inakwenda, na mfano aliotoa ni wa mashua iliyobeba maji, ikiongeza na kupunguza mwendo. Habari ya mwezi kuvuta maji aliiona ni ushirikina, hata akamshangaa Kepler, mtaalamu wa nyota mwenzake na mtu mwenye akili zake, kwa kuiamini. Nadharia yake ilitaka maji yajae mara moja kwa siku. Kule Venice yalikuwa yakijaa mara mbili mbele ya macho yake, naye akasema ni umbo la bahari hiyo tu. Ami angemnyoosha kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Maelezo yenyewe yalikuja na Mwingereza Newton mwaka 1687. Upande wa dunia ulioelekea mwezi, maji huvutwa zaidi kuliko dunia. Upande wa pili, dunia huvutwa zaidi kuliko maji. Kwa hiyo bahari huinuka pande zote mbili, nayo dunia ikizunguka sisi hupita chini ya miinuko yote miwili. Nilimweleza ami. Akatikisa kichwa kwa adabu. "Vizuri. Lakini hilo halinifai kitu, mimi nishajua yaja mara mbili."

Sitaki mtu adhani nasema wavuvi wanawashinda maprofesa. Ami huyuhuyu atakuapia kwamba malaria huletwa na kula maembe mengi. Daktari Mwingereza Ross alimkamata mbu na ushahidi wote tangu mwaka 1897, lakini maembe huingia sokoni wakati maji ya mvua za vuli hayajakauka, na mbu wamezaana humohumo. Ami akila maembe hushikwa na homa. Ushahidi anao. Hakuna siku bahari ya malaria ilipompwea akaona mwamba.

Na maprofesa nao hawakusalimika. Miaka ya themanini, siku ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, watu 23 waliulizwa, wahitimu na walimu kati yao, kwa nini kuna majira ya joto na baridi, au kwa nini mwezi hubadilika sura. 21 wakachanganya mambo. Jibu lililopendwa kuhusu majira ni kwamba joto huja dunia ikisogea karibu na jua. Ukweli ni kwamba dunia huwa karibu zaidi mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152. Kwao Januari ni theluji, kwa hiyo jibu lilikuwa likikanushwa nje ya dirisha lao kila mwaka.

Hapa Mombasa, lakini, jibu hilo la makosa lingepita bila kuguswa! Joto letu ni kuanzia Januari mpaka Machi. Julai ndipo utaona watu wamevaa sweta kwenye matatu, sweta kwelikweli, na mtoto amefungwa kofia ya sufu. Mtu aliyezaliwa Tononoka anaweza kuishi miaka themanini akiamini kwamba joto la kaskazi ni jua limetusogelea, na hakuna siku hata moja itakayomwambia hapana. Kinacholeta majira ni mhimili wa dunia kulala upande, nyuzi 23 na kidogo. Sisi tuko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba. Simama nje siku hiyo ya Machi saa sita u nusu mchana, kivuli chako chote utakuwa umekikanyaga. Na upepo wa kaskazi unakuwa umeanza kulegea, ndiyo maana watu wanahamisha magodoro kwenye dari.

Hayo ya jua na mwezi hayamdhuru mtu. Linaloniuma ni la kaunta.

"Daktari, nipe zile kapsuli za rangi mbili. Nne tu. Nina mafua." Naisikia hiyo kila siku, kwa wachuuzi wa Marikiti na kwa mhandisi wa bandarini mwenye pete ya chuo kikuu kidoleni. Mafua ni virusi. Kapsuli hizo ni amoksisilini, antibayotiki, nayo hufanya kazi kwa kumzuia bakteria asijenge ukuta wa seli yake. Kirusi hana ukuta huo, kwa hiyo dawa haina pa kumshika. Naeleza. Wananisikiliza kama abiria anavyomsikiliza utingo akisema gari limejaa.

Nimekuja kuelewa kwa nini. Mafua huisha yenyewe ndani ya wiki au siku kumi. Mtu huvumilia kwanza na chai ya tangawizi, na akija kwangu ndiyo yamefika kileleni. Anameza kapsuli zake, kesho kutwa pua imefunguka. Utamwambia nini? Amejaribu, amepona, na amejaribu tena mwaka uliofuata akapona tena. Nikikataa anavuka barabara kwa duka ambalo sitalitaja, anapewa bila kuulizwa cheti cha daktari, kisha anapita kwangu mzima kabisa kunisalimia kwa kebehi: "Uliniacha nife, sivyo?"

Hasara yake ipo, ila haimrudii yeye. Bakteria waliokuwa mwilini wakaonja kapsuli nne wakabaki hai wataenda kwa mwingine, mama mjamzito ambaye dawa ya kwanza haimsaidii wala ya pili. Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945: kwamba utafika wakati mtu atajinunulia dawa dukani, ameze kidogo mno, na awazoeshe vijidudu. Alikuwa akituona sisi.

Nikaona maneno hayatoshi. Mwishoni mwa 2017 kuingia 2018 chikungunya ilipotupiga hapa mjini, na kabla yake dengi, nilikuwa nikiuza neti na dawa za maumivu kwa watu waliojikunja kwa viungo, na nyumbani kwao pipa la maji liko wazi uani. Mbu anayeleta maradhi hayo huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya magharibi. Hataki mtaro mchafu, anataka maji safi yaliyotulia, na Mombasa, ambako mfereji hutoka kwa zamu na maji hununuliwa kwa mkokoteni, kila nyumba imemwekea. Neti ya usiku haimkuti. Nikiwaambia watu kuhusu viluwiluwi wanaocheza ndani ya pipa, kuna mama alinijibu hao ni dalili maji hayana sumu.

Basi nikachota kikombe kwenye pipa la jirani, nikatia kwenye chupa ya jamu, nikafunga kitambaa chepesi kwa mpira na kuiweka kaunta kando ya mashine ya kupimia presha. Viluwiluwi walikuwa wakining'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji ndio wanaopumulia. Ukigonga chupa wote wanazama wakijipinda. Baada ya siku chache wakawa wafupi wenye kichwa kikubwa, hawali kitu, wanaruka tu. Watoto wa madrasa wakawa wanapita kila alasiri kuangalia. Kisha asubuhi moja kukawa na mbu wameshika kitambaa kwa ndani, weusi, miguu ina mistari myeupe.

Sikusema lolote, niliwaacha watu waangalie. Mzee wa presha alivaa miwani. Mhandisi alipiga picha. Yule mama wa maji yasiyo na sumu aliinama akaiangalia chupa kwa muda, akauliza ni maji ya pipa la nani, nikamwambia. Akanyamaza. Halafu akaleta swali ambalo Wamarekani hawakuliweka kwenye orodha yao.

"Pipa langu lilikauka mwezi mzima mfereji ulipokatwa. Nilipolijaza, wakatoka tena. Walitoka wapi?"

Nikamwambia mbu hutaga mayai ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji. Maji yakikauka mayai hubaki yamegandia, hata miezi, na siku ukijaza yanaanguliwa. Kumwaga maji hakutoshi, lazima ukuta wenyewe usuguliwe kisha pipa lifunikwe.

"Kwa mkono?"

Kwa brashi ngumu, mama.

"Haya nipe basi, na Panadol mbili."

Brashi siuzi. Nimemwelekeza kwa Mhindi wa vyombo vya plastiki pale kwenye kona, na nikamwambia asikubali ile laini ya kuoshea chupa.