Pátzcuaro: usiku wa makaburini na mchana wa wageni

Pátzcuaro, Michoacán, Mexico. Novemba 3.

Wavuvi maarufu wa Ziwa Pátzcuaro, wale wa nyavu za kipepeo, siku hizi wanavua watalii. Boti yetu ilipokaribia kisiwa cha Janitzio, mitumbwi kadhaa ilitutangulia, wanaume wakainua nyavu zao zenye mbawa mbili, wakazishusha majini kwa pamoja, wakazitoa tupu. Watu wakapiga picha. Kisha mtumbwi mmoja ukasogea ubavuni mwa boti na kopo la hela likapita. Nilitia peso zangu, lakini kwa kinyongo. Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia kwenye harufu ya nyavu mbichi, na uvuvi usio na samaki unaniudhi.

Baadaye nikaona kinyongo changu hakina mashiko. Wavue nini? Samaki aliyelipa ziwa hili sifa, pescado blanco, mweupe wa kupenyeza mwanga, amevuliwa hadi akaadimika. Maji yamechafuka, na katika karne ya 20 waliletwa samaki wa kigeni wakamzidi nguvu nyumbani kwake. Sisi wa Victoria tulipandikiziwa sangara miaka ya 1950, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa sana. Magugu maji nayo wanayo. Halafu ziwa lenyewe linasinyaa: katika ukame wa mwaka 2024 sehemu za ufuko zilibaki tope kavu, huku habari za malori yanayofyonza maji kwa ajili ya mashamba zikizagaa. Michoacán ndiyo nchi ya parachichi, na parachichi linakunywa sana.

Kisiwani kuna sanamu ya José María Morelos, shujaa wa uhuru aliyepigwa risasi mwaka 1815. Ina urefu wa mita 40 hivi, ngumi juu, na ndani unapanda ngazi za kuzunguka huku kuta zikikuhadithia maisha yake kwa michoro. Ilijengwa miaka ya 1930 kwa msukumo wa Lázaro Cárdenas, mwenyeji wa Michoacán aliyekuwa gavana wa jimbo hili na baadaye rais wa nchi. Uzuri wake sikuuona. Mandhari kutoka juu, hayo ndiyo yaliyolipa jasho la ngazi.

Ila sanamu ilinifungua macho. Mji huu tunaouita wa kale umepangwa pia ili utazamwe. Nyumba zote ni nyeupe juu na nyekundu iliyoiva chini, mapaa ya vigae, na hata vibao vya maduka vimeandikwa kwa mtindo mmoja. Mwanzoni nilihisi nimetembezwa jukwaani. Kisha nikaingia maktaba ya Gertrudis Bocanegra, iliyokuwa kanisa la Mtakatifu Augustino, na nikakaa humo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ukuta mzima wa mbele umejaa mchoro wa Juan O'Gorman wa mwaka 1942, historia ya Michoacán kutoka juu hadi chini. Haukuchorwa kumfurahisha mgeni. Yupo mtawala wa mwisho wa Wapurépecha, wenyeji wa asili wa hapa, Tangaxoan wa Pili, aliyeuawa mwaka 1530 kwa amri ya Mhispania Nuño de Guzmán. Yupo Gertrudis mwenyewe, mwanamke wa mji huu aliyepigwa risasi mwaka 1817 kwa kuwasaidia wapigania uhuru. Na yupo Vasco de Quiroga, askofu wa kwanza wa Michoacán, ambaye watu hapa wanamwita Tata Vasco, yaani baba, karne tano baadaye. Sikumbuki askofu mwingine wa kikoloni anayeitwa baba na waliotawaliwa bila kejeli. Wanasema ndiye aliyehimiza kila kijiji kishike ufundi wake, na kweli hadi leo shaba ni ya Santa Clara del Cobre na gitaa ni la Paracho.

Sasa chakula, maana hapa hakuna maigizo. Alfajiri sokoni kuna baridi ya kuuma (mji uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, njoo na sweta) na akina mama wanafungua vikapu vyenye corundas za moto. Ni donge la mahindi lililofungwa kwa jani refu la mmea wenyewe, likakunjwa pembe pembe, likapikwa kwa mvuke. Wanaolipika kizamani huchemsha mahindi kwa majivu. Unalifungua, unamwagiwa malai na pilipili, unakula ukiwa umesimama. Yapo pia uchepos, ya mahindi mabichi, laini na matamu kidogo, na hayo nilikula mengi kuliko inavyompasa mtu mzima. Charales ni dagaa, basi. Wadogo, wamekaangwa wazima, ndimu na pilipili juu. Nilimwambia muuzaji kwetu tunao, akanitazama kwa huruma ya mtu anayejua kwamba wake ni bora.

Nieve de pasta, barafu tamu ya maziwa wanayojivunia hapa, nionje tena mara nyingine. Siku ile meno yalikuwa yakigongana.

Usiku wa kuamkia Novemba 2, Siku ya Wafu, ndio ulionileta. Ninakolala, mwenye nyumba ni bibi ambaye mtaa mzima unamwita Doña, nami ananiita mija, binti yangu. Aliponiona nachaji simu alisema: "Mija, usipige picha kabla hujasalimia. Na usiende mikono mitupu, hao wamefiwa." Nikanunua mishumaa na mkate. Kwa hilo sikuhitaji somo; hata nyumbani huendi matangani unapunga mikono.

Sikwenda Janitzio, kwani usiku huo boti zinamimina watu hadi wenye makaburi wanakosa pa kukaa. Nilikwenda kijiji kimoja cha pembeni. Kila kaburi lina tao la maua ya cempasúchil, ya rangi ya machungwa, harufu kali. Juu yake matunda, mikate, na chakula alichopenda marehemu, pamoja na chupa ya kinywaji kama alikuwa mnywaji; hawamsafishi mtu kwa kuwa amekufa. Moshi wa copal, ubani wao, unapanda. Wanawake wamejifunika shali wamekaa chini, watoto wamelala kwenye mablanketi katikati ya mishumaa, kengele ya kanisa inagongwa usiku kucha. Nilitarajia majonzi au shangwe. Nilikuta maongezi: bei ya mahindi, nani ameoa, nani karudi kutoka Marekani na nani kashindwa kuvuka. Mzee mmoja alipokea mshumaa wangu, akauwasha, akanisogezea kigoda na kikombe cha atole, uji wao wa mahindi, kisha akaendelea na stori yake kwa mkewe aliye kaburini. Simu sikuitoa mfukoni.

Kisha saa nane usiku likaja basi la watalii, na taa za kamera.

Mzee hakukasirika. Alisogea ili waone vizuri. Kaburi la pili yake, mama mmoja alikuwa ameweka kopo la hela kando ya mishumaa, na wageni wakatia. Safari hii sikuona kinyongo. Maua ni ghali, mishumaa ni ghali, na mama yule alikuwa hapo tangu jua linazama, basi lije au lisije.

Jina la kijiji sitaji. Mwakani nataka nikikute bado kina nafasi ya kigoda.