Mvulana wa Turkana na swali la mama yangu

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka mama yangu katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Tulipofika mbele ya mifupa ya yule anayeitwa Mvulana wa Turkana, mtoto wa kale sana aliyefukuliwa karibu na Ziwa Turkana, alisimama kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na wewe unaamini kwamba babu zetu walikuwa nyani?" Mama ni mtu wa sala, nami pia ni Mkristo, kwa hiyo sikuweza kulichukulia swali lile kwa wepesi. Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno, na tangu hapo nimekuwa nikilifikiria upya.

Mifupa ile imewahi kuzua mabishano makali. Mwaka 2006, makumbusho yakiwa yamefungwa kwa ukarabati, Askofu Boniface Adoyo, aliyekuwa akiongoza muungano wa makanisa ya kiinjili nchini Kenya, alipinga mpango wa kuipa nafasi ya mbele katika maonyesho kama ushahidi wa asili ya binadamu. Richard Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale ambaye timu yake ndiyo iliyoifukua, alimjibu kwa ukali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 na mifupa haikufichwa. Nilifurahi wakati ule na ninafurahi hadi leo, ingawa sikubaliani na waliomwona askofu kuwa mjinga, kwa maana hofu ya kwamba watoto watafundishwa kuwa wako duniani bila Muumba na bila kusudi ni hofu niliyoisikia katika sauti ya mama yangu mwenyewe.

Sehemu ya mgogoro huu, kwa maoni yangu, inatokana na maneno. Tumezoea kusema kwamba sayansi inadai binadamu alitokana na nyani, ilhali hakuna mwanasayansi makini anayefundisha hivyo. Kinachofundishwa ni kwamba sisi na sokwe tulikuwa na wahenga wamoja mamilioni ya miaka iliyopita, kisha koo zikaachana. Sokwe ni binamu wa mbali, na binamu hawazaani, bali hushiriki babu. Neno la pili ni nadharia. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema "hiyo ni nadharia tu," tukimaanisha jambo ambalo halijathibitishwa, lakini katika sayansi nadharia ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi na kuhimili ushahidi. Maelezo kwamba vijidudu husababisha magonjwa nayo huitwa nadharia, na sijapata kumsikia muumini akimzuia daktari kunawa mikono kwa sababu hiyo.

Mama aliuliza pia wanajuaje umri wa mifupa isiyo na cheti cha kuzaliwa. Hili ndilo swali ambalo natamani mapadri, wachungaji na walimu wote wangelisikiliza hadi mwisho, kwa sababu jibu lake limo katika ardhi ya kwetu. Bonde la Ufa limejaa miamba na majivu ya volkeno, na ndani yake mna potasiamu, ambayo aina yake moja hubadilika polepole mno kuwa gesi ya agoni, ikipungua kwa nusu kila baada ya miaka takriban bilioni 1.25. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka, gesi hiyo hutoroka. Ukishaganda, gesi inayozaliwa hunaswa ndani, na mtu akiipima hujua mwamba uliganda lini. Kwa njia hiyo, mwaka 1961 tabaka la Oldupai ambamo Mary Leakey, mama yake Richard, alikuta fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, mwaka 1959 lilikadiriwa kuwa na miaka milioni 1.75. Majivu ya eneo la Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, yanaonyesha kwamba mvulana wetu aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Anayeshikilia kwamba dunia ina miaka elfu sita hapingani na Darwin peke yake. Anapingana na mawe yenyewe, ambayo muumini anakiri kwamba ni kazi ya Mungu.

Wala mabadiliko ya viumbe si habari ya kale tu. Tanzania ililazimika kuacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilivyoweza kuihimili viliishi na kuzaana huku vingine vikifa.

Kuhusu imani, Kanisa langu halikuniacha gizani. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikiri kwamba nadharia ya mabadiliko ya viumbe ni zaidi ya dhana tupu. Lugha yetu inatuita binadamu, wana wa Adamu, na ninalitamka neno hilo bila kigugumizi hata nikiwa mbele ya mifupa ile.

Jambo linaloniuma ni kwamba katika mabishano yote yale jina la Kamoya Kimeu, mtafuta mabaki ya kale katika timu ya Leakey, halikutajwa vya kutosha. Ni yeye, mtoto wa Ukambani, aliyeona mwaka 1984 kipande kidogo cha fuvu kilichokaribia kufanana na kokoto zilizokizunguka. Kuificha mifupa ile kungekuwa kuyaficha macho yake pia.

Kabla hatujaondoka, mama aliuliza mtoto yule alikuwa na umri gani. Nilimwambia wengi wanakadiria kati ya miaka 8 na 12, na kwamba taya lake lina dalili za maambukizi mahali lilipong'oka jino la utotoni. Akasogea karibu na kioo, akalitazama lile taya. "Basi aliumwa sana," akasema, "na mama yake alikesha naye."