Shahada ya sanaa za maonyesho ilivyonipatia kazi kwenye vijiji vya viazi

Nilipohitimu shahada ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kurudi nyumbani Mbeya, kila aliyenitakia mema alikuwa na ushauri wake. Baba mdogo alitaka nirudi Dar es Salaam nikasubiri kuitwa kwenye filamu, na majirani zetu wa Uyole wakasema nisomee ualimu. Ualimu ni kazi ya heshima na wenzangu kadhaa wanaifanya kwa moyo, lakini iliniudhi, na bado inaniudhi, ile dhana kwamba aliyesomea jukwaa hana budi kuwa maarufu au kuacha alichokisomea.

Nilianza kwa kukosea. Nilikusanya vijana sita, tukafanya mazoezi ya miezi miwili, nikakodi ukumbi karibu na Mwanjelwa kwa laki tatu na kitu, na tiketi tukaziuza shilingi elfu tatu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni, na anayeijua baridi ya Mbeya ya mwezi huo atakisia mahudhurio: watu kumi na tisa, zaidi ya nusu yao wakiwa ndugu zetu. Igizo lilikuwa zuri, lakini lilizungumzia maisha ya watu wa mbali, nasi tuliwasubiri watazamaji ndani ya ukumbi saa ambayo waliotoka sokoni walikuwa wanawahi usafiri wa kurudi makwao. Deni lile nililimaliza kwa kusherehesha harusi karibu kila wiki, kazi ambayo siidharau hata kidogo, kwa kuwa sauti niliyofundishwa chuoni ndiyo iliyonilisha.

Katika miezi hiyo nilikumbuka somo la sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Tulikuwa tumefundishwa habari za mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996 chuoni hapo kwa juhudi za Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, ambamo wasichana wa sekondari walichambua wenyewe matatizo yanayowakwamisha shuleni, wakayatungia maigizo na kuyaonyesha mbele ya walimu na wazazi. Nikajiuliza ni jambo gani huku kwetu linalowaumiza watu wote lakini halisemwi mkutanoni. Jibu lilikuwa lumbesa.

Kwa asiyelima viazi, lumbesa ni gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba juu na kushonewa kamba, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha zaidi ya kilo 100, na wakulima wengi wanalijua hilo. Wanachoogopa ni dalali kuondoka na gari tupu.

Tulikwenda upande wa Isyonje siku ya mnada, bila jukwaa wala vipaza sauti, tukiwa na mzani na magunia mawili ya kuazima. Mwenzangu aliigiza dalali, dada mmoja akawa mkulima. Kilemba kilipofika mahali pa kushonwa, nilisimamisha igizo na kuuliza ni nani angependa kuingia badala ya mkulima. Walikaa kimya muda mrefu hata nikaanza kuogopa. Ndipo mama mmoja mtu mzima alipofunga khanga kiunoni, akaingia na kumwambia dalali wetu, "Mwanangu, hicho kilemba ni ada ya shule ya mjukuu wangu. Kishushe." Dalali akajibu, "Mama, bei ndiyo hiyo, nikikataa mimi humpati mwingine." Mama akageuka, akawauliza wenzake waliosimama, "Tukikataa wote, atajaza gari kwa nani?" Kuanzia hapo hatukuigiza tena, wanakijiji walijadiliana kwa zaidi ya saa moja, na mtendaji wa kijiji akaandika majina ya waliotaka kuuza kwa pamoja kwa mzani.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilitokana na siku hiyo, kwa sababu afisa ugani aliyekuwepo alinikutanisha na mradi mmoja wa kilimo. Tangu hapo nimefanya maonyesho ya namna hiyo kuhusu lishe ya watoto na upimaji wa VVU, hadi Makambako na Mafinga. Malipo hubadilika, mwezi mzuri hunipa zaidi ya mshahara wa mwalimu anayeanza, na miezi ya mvua hunirudisha kwenye harusi.

Anayetaka kuifuata njia hii ajisajili Baraza la Sanaa la Taifa, na asikanyage kijiji chochote kabla ya kumwona afisa utamaduni wa wilaya na mtendaji, kwa maana mimi niliwahi kurudishwa na kikundi kizima kwa kuruka hatua hiyo, nauli ya watu saba ikapotea. Pia aandike taarifa kila baada ya onyesho: waliofika, waliyouliza, waliloamua. Zangu niliziandika kwenye daftari la shule, na daftari hilo ndilo nililolipeleka redio moja ya hapa Mbeya ilipotafuta mtu wa kuandika michezo mifupi ya wakulima. Hawakuniuliza kama nimewahi kuonekana kwenye filamu. Walisoma kurasa za Isyonje, wakaniuliza naweza kuanza lini.