Kigogo cha Mwembe

Mwaka 2014 nilikuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja nchini Tanzania, nikifundisha biolojia ya utangulizi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Chini ya mada ya usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, muhtasari wetu ulisema kwamba mwanafunzi aweze kueleza mmea unapata wapi maada ya kujenga mwili wake. Jaribio la katikati ya muhula nililitunga mimi, na lengo hilo nililipima kwa kuwataka waandike mlinganyo wa usanisinuru. Karibu wote walipata. Nilisahihisha rundo lile kwa siku mbili nikijipongeza kimoyomoyo, maana molekuli 6 za hewa ukaa na 6 za maji zilikuwa zimekaa mahali pake, karatasi baada ya karatasi.

Wiki iliyofuata umeme ulikatika katikati ya semina. Ili muda usipotee bure, nilikiokota kigogo cha mwembe kilichokuwa kikizuia mlango wa maabara usijibamize, nikauliza kwa Kiingereza uzito wake ulitoka wapi. Wakajibu kwamba ulitoka udongoni. Nilidhani lugha ndiyo iliyowakwaza, kwa hiyo nikarudia swali kwa Kiswahili, na jibu likaja lile lile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi: “Kwenye udongo, Mwalimu, mizizi inafyonza mbolea.”

Nikawasimulia habari za Jan Baptista van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alipanda mche katika chungu chenye udongo aliokwisha kuukausha na kuupima, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti ukaongezeka takriban kilo 74, ilhali udongo ulipungua gramu zipatazo 57 tu. “Basi ni maji,” wakasema, na hilo ndilo kosa alilofanya van Helmont mwenyewe.

Kimya kilipozidi, kijana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasema, “Mwalimu, hicho ukikichoma vizuri kinakuwa mkaa.” Nikamuuliza mkaa ni nini hasa. Akajibu kwamba kwa sehemu kubwa ni kaboni, kisha akafungua daftari lake, akaweka kidole juu ya mlinganyo, na kukisogeza taratibu kuelekea kushoto hadi kwenye hewa ukaa, ambayo ndiyo yenye kaboni. Alipoinua uso alionekana kama mtu anayedai chenji yake. “Lakini hewa si haina uzito?”

Jioni hiyo niliitafuta karatasi yake. Nilikuwa nimempa alama zote.

Kwa mtihani wa mwisho nilipendekeza swali la mlinganyo liondolewe na liwekwe la kigogo, pamoja na takwimu za van Helmont ili wazifafanue. Mkuu wa somo, mtu mwungwana lakini mwoga wa malalamiko, alihofia kwamba wengi wangeanguka na tungeonekana tumewatega, hoja ambayo sikuipuuza, kwa kuwa ni kweli hatukuwa tumewafundisha kufikiri hivyo. Tulikubaliana nirudie mada hiyo kwa mihadhara 2, kisha swali liingie likiwa na alama 10. Wapo walioandika “udongo” hata hivyo, na safari hii niliwaona.