Miji ya Ulaya kwa wikiendi: nilivyoitafuta historia ya pwani yetu

Mwanafunzi anayeishi Leipzig hana fedha wala likizo ya kukaa wiki nzima katika mji wa kigeni. Kwa sababu hiyo safari zangu nyingi zimekuwa za Jumamosi na Jumapili, nikiwa na begi la mgongoni na tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49, ambayo humruhusu mtu kupanda treni za mikoa, mabasi na treni za mjini kote Ujerumani, isipokuwa treni za kasi za masafa marefu. Niliamua mapema kwamba sitakimbilia kila jengo maarufu. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, na katika kila mji nilitenga asubuhi moja kutafuta mahali ambapo historia ya pwani yetu imeacha alama. Saa zilizobaki nilitembea kwa miguu bila ratiba.

Berlin ndiyo iliyonigusa zaidi, na mambo mawili niliyoyafuata huko yako kwenye njia moja ya treni ya chini ya ardhi, yaani U6. Ukishuka kituo cha Naturkundemuseum unafika kwenye makumbusho ambamo anasimama mjusi wa Tendaguru, yaani dinosau, mwenye kimo cha mita 13.27, ambaye mifupa yake ilichimbwa mkoani kwetu kati ya 1909 na 1913. Nyumbani nimekua nikisikia mijadala ya kudai arudishwe, lakini kumwona ni jambo jingine kabisa. Mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele umenizidi urefu. Pingili za shingo na mgongo ni nakala, kwa kuwa zile halisi ni nzito na dhaifu mno kutundikwa juu. Nilikaa chini yake muda mrefu nikiwafikiria wapagazi waliobeba zaidi ya tani 200 za mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kwa sababu mbung'o waliwazuia wanyama wa mizigo, na hayo yalifanyika miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha kusini na njaa. Wanasayansi Werner Janensch na Edwin Hennig wanajulikana; msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, hajulikani vya kutosha, na ninatamani kila mtoto anayesoma Lindi afundishwe jina lake.

Kutoka hapo nilipanda tena U6 kuelekea kaskazini hadi kituo cha Afrikanische Straße, katika mtaa wa Wedding, ambako kuna barabara zenye majina ya Zanzibar, Tanga na Usambara. Barabara iliyoitwa Petersallee, jina lililohusishwa kwa miaka mingi na Carl Peters, mkoloni Mjerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, iligawanywa Agosti 2024, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Ni barabara ya kawaida ya makazi, yenye miti na baiskeli, na sikuona mtalii mwingine. Nililisoma bango lenye jina hilo zaidi ya mara moja kwa furaha ambayo sikuitarajia.

Hamburg nilikwenda kwa ajili ya kaburi la Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, na yeye akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Alifariki mwaka 1924 na kuzikwa Ohlsdorf, makaburi makubwa kiasi kwamba mabasi ya mjini hupita ndani yake. Anayekwenda huko achukue ramani langoni kwanza, na asipange jambo lingine kabla ya adhuhuri.

Lisbon ilinilazimu kupanda ndege ya bei nafuu. Tramu namba 15 hukufikisha Belém, na ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, karibu na mlango, limo kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Jiwe lake limechongwa kwa ustadi mkubwa, na watu hupanga foleni kulipiga picha. Kwangu mimi palikosekana kitu: sikuona popote pale ukumbusho wa nahodha ambaye da Gama alimchukua Malindi ili amwongoze kuvuka bahari hadi Calicut, India, ilhali bila rubani huyo aliyezijua pepo za msimu safari ile ingekuwa ya hatari zaidi. Wikiendi haikutosha kwa Lisbon. Nimeanza kuweka akiba ya kurudi katikati ya wiki, siku za kazi, ili niende kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Torre do Tombo, ambayo hufungwa Jumapili.